Makadirio ya Mistari Mitatu
Hivi ni nani aliyewafundisha mafundi wetu wa Mombasa kuandika makadirio ya sebule ya vioo, ile ya kuongezwa ubavuni mwa nyumba, kwenye kipande cha mfuko wa saruji, mistari mitatu tu: vioo, mawe, kazi? Msingi uko wapi? Mifereji ya mvua za masika je? Ada ya kibali cha kaunti, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16, na fremu za alumini, maana chuma hakifui dafu mbele ya chumvi ya bahari, mbona vyote huzuka ukuta ukishabomolewa, wakati mwenye nyumba hana tena pa kukimbilia? Ukiuliza, unajibiwa, "Tajiri, hayo ni madogo madogo." Madogo yapi yanayoishinda bei ya paa zima? Jamani, wenzangu wa Nyali hadi Likoni, tusiwape hata shilingi ya kianzio kabla kila kipimo na bei yake havijaandikwa.