Bamdogo, Kadi ya Kijani na Mto Songwe

Bamdogo aliporudi likizo kutoka Detroit, hakutuonesha kwanza picha za nyumba wala za watoto, bali kadi ya plastiki aliyoihifadhi katika mfuko wa shati, upande wa moyo. Ilikuwa kadi ya mkaazi wa kudumu wa Marekani, ile ambayo hata majirani zetu wa Uyole wasiowahi kupanda ndege huiita grini kadi. Tuliitazama kwa heshima iliyostahili, tukapokezana, na ilipomrudia mwenyewe ilikuwa imepata mafuta ya sambusa.

Wiki hiyo binti wa shangazi alikuwa anaolewa Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe. Kwetu Wanyakyusa hiyo haihesabiwi kuwa safari ya ughaibuni, kwa kuwa Wangonde wa upande wa Malawi ni ndugu zetu na tunaelewana nao bila mkalimani. Bibi alikuwa ametangulia na gunia la mchele wa Kyela, maana hakuamini kwamba harusi ingeweza kuanza bila yeye. Sisi wengine, pamoja na kwaya, tulikodi kosta.

Njia nzima, tangu tulipoiacha Uyole, tukaupita ukungu wa Tukuyu, hadi tukateremka kwenye joto la Kyela, Bamdogo alikuwa akituhutubia akiwa ndani ya suti ya sufu. Alieleza kwamba Mtanzania wa kawaida anahitaji viza kuingia Kanada, lakini yeye, kwa kadi ile, huvuka Daraja la Ambassador kutoka Detroit hadi Windsor bila viza yoyote, na kwamba Meksiko nayo humpokea bila viza kwa matembezi yasiyozidi siku 180. Yote hayo ni kweli, na ninayathibitisha hapa kwa sababu kabla ya jioni kuna watu walikuja kumdhania kuwa mwongo.

"Sasa kama Kanada hawaniombi viza," alihitimisha tulipokuwa tukipita kwenye mashamba ya kakao, "hawa Malawi wataniomba ya nini?"

Ukweli ni kwamba Malawi haikuwa na nia ya kumwomba. Mtanzania haombi viza kwenda huko matembezini. Anatakiwa tu kuwa na hati halali ya kusafiria. Kadi ilikuwa imekuja kumtua Bamdogo mzigo ambao hakuna aliyemtwisha.

Tulipofika Kasumulu, kituo cha mpakani upande wa Tanzania, tulipanga foleni. Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye ni Mkenya anayeishi Tukuyu kwa kibali cha ukaazi, alitoa pasipoti ya Kenya, akagongewa muhuri, akavuka huku akifanyia mazoezi sauti ya besi. Bamdogo akafuata, na kadi yake akaiweka dirishani kama mcheza karata anayetupa turufu ya mwisho.

Afisa uhamiaji, binti mpole mwenye miwani, aliigeuza mbele na nyuma.

"Shikamoo, mzee. Naomba pasipoti."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo inatosha. Mimi ni mkaazi wa kudumu."

"Wa hapa?"

"Wa Marekani."

"Kwa hiyo mzee ni Mmarekani?"

"Mmarekani wapi! Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Rungwe."

"Basi naomba pasipoti ya Tanzania."

Bamdogo akavuta pumzi, akaanza upya habari za Windsor, safari hii akiwalenga pia madereva wa malori waliokuwa nyuma yetu, ambao walionekana kuipenda. Afisa alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu ambayo mimi nisingeiweza, kisha akauliza: "Na huko Kanada, mzee, huwa huoneshi pasipoti?"

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Hatimaye Bamdogo alikiri kwamba pasipoti huionesha, ila ni ya kusindikizia tu. Inayofanya kazi ni kadi. Hapo kijana mmoja wa kwaya, aliyekuwa akiperuzi simu bila kuombwa na mtu, akasoma kwa sauti ya kwaya kabisa kwamba tangu tarehe 26 Aprili 2022 Kanada inamtaka mkaazi wa kudumu wa Marekani awe na kadi yake pamoja na pasipoti halali ya nchi yake. Bamdogo alimtazama kwa jicho ambalo lilimfanya aende kununua maji.

Afisa alipendekeza hati ya dharura ya safari, ambayo ndiyo Bibi aliyovukia, mradi tu mwombaji athibitishe kuwa ni raia. Lakini Bamdogo aliondoka nchini kabla vitambulisho vya taifa havijaanza kutolewa, na karatasi pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ile inayosema kwamba makazi yake ni kwa watu wengine. Kila alipoionesha ili kujitetea, ndivyo alivyozidi kuwa mgeni.

"Pasipoti yenyewe iko wapi?" nilimuuliza.

"Nilimpa Mama anitunzie."

Tukampigia Bibi. "Ninayo hapa Karonga," alijibu, na nyuma yake ngoma zikasikika. "Nimeifunga kwenye khanga."

"Mama, unaondokaje na pasipoti ya mtu?"

"Ulitaka niiache kwenye nyumba isiyo na mtu?"

Hoja hiyo haikupata jibu, na mpaka leo haijapata.

Binamu alitumwa kwa bodaboda kuileta hadi upande wa Malawi, na Mwalimu, aliyekuwa akitungoja huko, akajitolea kuivusha. Ikabidi Malawi imgongee muhuri wa kutoka, kisha akaja dirisha la Tanzania akatoa pasipoti ya Kenya na kibali chake cha ukaazi, naye akaruhusiwa kuingia bila swali hata moja.

"Kumbe kibali cha kwake kinakubalika," Bamdogo alinong'ona kwa uchungu.

Kilikubalika kwa sababu kilikuwa kimerudi kwa waliokitoa. Sikumwambia hivyo, maana alikuwa amekwisha kuvua koti na tai, na mkaazi wa kudumu wa Marekani katika joto la Kyela si mtu wa kuelezwa sheria. Nilimfariji kwa jambo moja la kweli, kwamba saa za Malawi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, hivyo ibada ilikuwa bado haijaanza.

Mihuri ikagongwa, tukavuka daraja, na Malawi wakampokea bila viza, kama ambavyo wangempokea tangu asubuhi. Uso wake ukaanza kurudi. Ndipo tulipofika kwenye meza ya afya, ambako mhudumu aliyevaa koti jeupe alimwomba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Aliposikia neno kadi, Bamdogo aliichomoa ile ya mfuko wa shati kabla sijamzuia.

"Hii ni ya kijani, bambo," mhudumu alisema akiirudisha. "Sisi tunataka ya njano."

Bamdogo alipapasa mifuko yote ya suti, kisha akanigeukia.

"Mpigie Bibi."

Mwalimu wa kwaya hakungoja kuambiwa. Alishika pasipoti yake mkononi na kuanza kutafuta ukurasa ambao bado haukuwa na muhuri.