Tusingojewe tupone kabisa
Mwandishi, unasema mwenye baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, asirudi kazini mpaka apone kabisa. Wengi wetu hatuponi kabisa, tunatulia kwa dawa. Mimi natumia lithiamu na kazi yangu ni kupokea dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Nikitoka jasho juani bila kunywa maji, dawa huzidi kwenye damu na mikono hutetemeka. Bosi wangu, Mungu ambariki, ananiweka kivulini na siku ya kupima damu ananiruhusu. Zamu ya usiku kaniondoa, maana kukosa usingizi ndiko hunirudisha wodini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi aajiri wenye ulemavu angalau asilimia 3, wala haiishii kwenye ulemavu wa viungo. Waajiri wa Mwanza waulizwe hilo.