Nani kavuruga?

Alhamisi iliyopita, barazani kwetu Ngamiani, Tanga, kijana mmoja aliinua kete zake za dhumna, akazitazama, akanyamaza. Si kawaida yake kunyamaza. Akabamiza sita-sita mezani. Wa kuliani kwake akapita. Mwenzake wa upande mmoja naye akapita, akimtolea macho ya lawama. Wa mwisho nilikuwa mimi, nikapita. Hapo ndipo alipozilaza chali zile sita zilizobaki: sita-tano, sita-nne, sita-tatu, mpaka ile ya sita na tupu. Sita zote za mchezo zilikuwa mkononi mwa mtu mmoja.

Mmoja akasema hii si bure, mtoto kafanyiwa kitu. Mwingine akatoa simu aanze kupiga hesabu, akaishia kusema haiwezekani. Mjomba, mkubwa wetu pale, hakusema ajabu wala haiwezekani. Aliuliza tu:

"Nani kavuruga?"

Tukatazamana.

"Ni wewe, Mjomba."

Nimekuwa nikiliwaza swali lake wiki nzima, maana naona lina akili kuliko mengi niliyosoma kuhusu bahati. Dhumna ina kete 28, na mkiwa wanne kila mtu anashika 7. Njia za kupata kete 7 katika 28 ni 1,184,040. Mkono wa sita zote ni mmoja tu kati ya hizo. Lakini mkono wangu usiku ule, tatu-moja, tano-mbili na takataka nyingine ambazo nimeshazisahau, nao ulikuwa mmoja tu kati ya hizo hizo 1,184,040. Mbona wangu haukumshtua mtu?

Wapo wanaofika hapa wakatucheka: mnaona, akili ya binadamu haijui hesabu, mikono yote ni sawa. Mimi siafiki. Mkono wangu hakuna mwizi ambaye angejisumbua kuupanga. Mkono wa sita zote, mwizi angeupanga. Kwa hiyo wa kwangu una maelezo mamoja tu, bahati, na ule wa kijana una maelezo mawili yanayogombana. Mshtuko ni akili kunusa yale maelezo ya pili. Kuna mchungaji wa Uingereza, Thomas Bayes, ambaye maandishi yake juu ya jambo hili yalichapishwa mwaka 1763, akiwa ameshafariki. Ukiyachambua utakuta yanasema usiulize tu jambo hili ni adimu kiasi gani kama ni bahati, uliza pia lingekuwa jepesi kiasi gani kama kuna mkono wa mtu. Mjomba aliyafupisha kwa maneno mawili.

Tunapokosea kweli ni kwenye kuhesabu nafasi. Tunahesabu tukio lilivyotokea, kwa yule, kwa sita. Lakini angepata tano zote tungeruka vilevile, na tupu zote pia. Hizo ni aina 7, na wachezaji wako 4, basi kuna njia 28 za kutushangaza. Ukigawanya, jambo kama lile hutokea kwa wastani mara moja katika michezo 42,287 hivi. Sisi kila usiku hucheza kama michezo 20. Inakuja karibu miaka 6. Nami nakaa baraza lile zaidi ya miaka 15! Ndivyo ilivyo na yule unayemuwaza ghafla akapiga simu. Mara ulizomuwaza asipige, nani ameziandika?

Nilitaka kusema basi tulikuwa tumechelewa kuupata ule mkono, nikajikamata. Kete hazidaiwi. Agosti 18, 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, kipira cha gurudumu la ruleti, lenye nafasi nyeusi na nyekundu, kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walirundika fedha kwenye nyekundu, kwa kuwa nyekundu "lazima ije", wakafilisika. Vijana wetu wa mikeka ya kubeti wanaijua lugha hiyo. Kinachonichekesha ni kwamba walishangaa upande usiofaa. Mimi ningefika mara ya 15, ningeanza kulishuku gurudumu lenyewe kuwa limepinda, na ningeweka nyeusi.

Sisi wa Tanga tunao mshangao wetu mkubwa kuliko dhumna: samaki aitwaye silikanti. Wataalamu walimjua kwa mabaki yake ya kale kwenye mawe tu, wakaamini ametoweka kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita. Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho mjini East London, Afrika Kusini, akamkuta mmoja katika samaki waliovuliwa siku hiyo. Dunia ikashtuka. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na huko wavuvi walikuwa na jina lake kitambo, gombessa. Samaki ni yule yule. Profesa ameona muujiza, mvuvi ameona samaki asiye na ladha.

Halafu miaka ya 2000 wakaanza kunaswa kwetu, mmoja baada ya mwingine, hadi mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Mjini maneno yakawa mengi, wengine wakasema ni ishara. Ila ukiuliza swali la Mjomba, jibu lipo majini: jarife za papa zilikuwa zimeanza kutegwa kwenye vina virefu, pale anapoishi. Samaki hakuwa amehama.

Na Mjomba? Siku hizi akitaka kuvuruga anaambiwa kwanza akunje mikono ya kanzu. Anakunja, huku akitutukana kimyakimya.