Chanjo ya mishipa ya moyo yatuhusu sana

Juzi barazani Kibokoni kuna mtu alisema ati hii chanjo inayotafitiwa ya kuzuia mishipa ya moyo isizibe ni mambo ya wazungu, sisi tushughulike na malaria yetu. Nilinyamaza kwa sababu wazee walikuwepo lakini imenikera mpaka leo. Jamani, haya maziko tunayokwenda ya watu wa miaka hamsini na kitu, mtu kaamka mzima saa nne keshaanguka, ni malaria hayo?

Na ujuzi wenyewe umetoka kwa watu weusi! Iko protini yaitwa PCSK9, kazi yake kuvunja vile vipokezi vya ini vinavyoondoa kwenye damu kolesteroli mbaya, yale mafuta yanayoziba mishipa. Mwaka 2006 watafiti wa Dallas walionyesha kuwa Wamarekani weusi waliozaliwa na hitilafu inayoizima protini hiyo walikuwa na kolesteroli mbaya pungufu kwa asilimia 28, na maradhi ya moyo pungufu kwa asilimia 88. Themanini na nane wallahi! Mwaka uliofuata akaandikwa mwanamke wa Zimbabwe aliyerithi hitilafu hiyo pande zote mbili, kolesteroli mbaya karibu hana, na mzima wa afya. Chanjo yataka kuufundisha mwili wa yeyote upambane na PCSK9 yake, basi itakuwaje ya wazungu?

Mtaniambia statini, vile vidonge vya kushusha kolesteroli, zipo. Zipo, ami yangu anazo kabatini, paketi moja imetobolewa vidonge vitatu, nyingine hata haijafunguliwa. Hasikii maumivu popote, na kila mwezi ni pesa, sasa atameza kwa lipi? Sindano ya inclisiran, dawa nyingine ya kushusha kolesteroli, ya mara mbili kwa mwaka Ulaya waliiruhusu tangu 2020, lakini bei yake mtu wa Majengo haigusi. Chanjo yaweza kuwa rahisi kuliko hiyo, na nesi wa kliniki kuchanja ndiyo kazi yake ya kila siku.

Haya, nakubali bado haijaiva. Ile ya kampuni ya AFFiRiS waliyoijaribu kwa watu kule Vienna ilishusha kolesteroli kidogo tu. Na viazi karai tupunguze, sibishi.

Ila majaribio makubwa yakija nataka yafanywe na huku kwetu pia. Kilifi hapo wamejaribu chanjo za malaria, wataalamu wapo, maabara ipo, wauguzi wapo. Wakubwa wetu wa afya waanze kuuliza sasa hivi, na suala la bei liingie kwenye mkataba kabla mtu wetu wa kwanza hajadungwa.