Siku 90 na utepe kifuani: nani anastahili nishani ya ulinzi wa amani?

Mwanajeshi wa JWTZ, jeshi la Tanzania, anayepelekwa Kongo chini ya Umoja wa Mataifa hupata nishani ya misheni akitimiza siku 90 za utumishi mwema. Haulizwi amefyatua risasi ngapi. Mpishi wa kambini, dereva wa lori la maji, fundi wa redio na askari wa doria kule Beni huvishwa medali ileile ya shaba. Kinachotofautisha misheni na misheni ni rangi za utepe, na anayerudi kwa awamu nyingine huongezewa tarakimu juu yake.

Wapo wanaoona kwamba hapo ndipo nishani inapopoteza uzito. Hoja yao si ya kupuuzwa. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa kwa saa kadhaa na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Walionusurika wanavaa utepe uleule anaovaa aliyemaliza zamu yake yote ghalani.

Hata hivyo, nishani hii haikuwekwa kwa ajili ya vita. Siku njema ya mlinda amani ni ile ambayo hakuna lililotokea: akina mama wamekwenda sokoni na kurudi, barabara haikufungwa. Siku kama hiyo haina shujaa wa kutajwa, lakini ina watu waliokuwapo. Tukianza kupima kwa risasi, tutakuwa tunamtuza anayefyatua na kumsahau aliyezuia isifyatuliwe. Siku 90 zibaki kama zilivyo.

Ushujaa una medali yake, nayo ndiyo inayonisumbua zaidi. Azimio la Baraza la Usalama namba 2154 la mwaka 2014 lilianzisha medali ya Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Kigali akiwa mwangalizi asiye na silaha, hadi alipouawa Mei 31, 1994. Familia yake ilikabidhiwa medali ya kwanza mwaka 2016. Mwaka 2019 akatunukiwa Private Chancy Chitete wa Malawi. Novemba 2018, katika mapambano karibu na Beni, koplo Mtanzania alilala amejeruhiwa mahali pa wazi, risasi zikimiminika. Chitete alimburuta hadi penye usalama, akaanza kumpa huduma ya kwanza, na hapo ndipo yeye alipopigwa. Koplo alipona, Chitete akafa.

Diagne na Chitete wote walikwisha kufa walipotunukiwa. Kuibana medali hii kunailinda heshima yake, nakubali. Lakini azimio halikudai kifo. Lilidai ujasiri wa kipekee mbele ya hatari kubwa, na huo hata walio hai wanao. Makamanda wa vikosi wapeleke majina yao.

Kwa waliofariki ipo medali ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa mwaka 1997: kioo chenye umbo la yai kilichochorwa jina la marehemu na tarehe ya kifo. Mara nyingi balozi wa nchi ndiye huipokea New York kwa niaba ya familia. Masharti yake yanataka misheni iwe chini ya amri ya Umoja wa Mataifa. Sasa wachukue Watanzania watatu waliouawa na kombora Aprili 2024 katika eneo la Goma na Sake. Walikuwa kwenye kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, si MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo. Mkoa ni uleule wa Semuliki, na bendera ya taifa begani ni ileile, ila kioo kile hakiwahusu.

Kisheria, sawa: hakuna anayeweza kumtunuku askari asiyemwamuru. Basi deni hilo ni la jumuiya iliyomtuma. SADC, na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyokuwa na kikosi chake Kongo mwaka 2022 na 2023, ziandike kwenye makubaliano ya kupeleka kikosi, kando ya posho na fidia, familia itakabidhiwa nini, na nani, na ndani ya muda gani. Na makabidhiano yafanyike nyumbani kwa mjane, si ukumbini kwa balozi.