Kompyuta za pamoja: kazi ya nani itangulie?

Taasisi tatu zimeunganisha kompyuta zao. Ya kwanza ina mashine 6, nyingine mbili zina 2 kila moja, na kila kazi inayoletwa inahitaji mashine 8 kwa mpigo. Foleni ikijaa, ya nani itangulie?

Wengi hugawa muda kwa uwiano wa mashine: asilimia 60, 20 na 20. Mwaka 1953 mwanahisabati Mmarekani Lloyd Shapley alipendekeza njia nyingine: kila mshirika apate kwa kadiri ujio wake unavyoongeza uwezo wa kundi, kwa wastani wa mifuatano yote ya kujiunga. Hapa mifuatano ni 6. Katika 4, taasisi kubwa ndiyo inayokamilisha mashine zinazohitajika. Ndogo zinakamilisha mara 1 kila moja. Basi kubwa inapata theluthi mbili ya muda, ndogo moja ya sita kila moja. Wadogo watanung'unika, lakini peke yao mashine zao 4 haziendeshi kazi hata moja, ilhali mmoja wao akijitoa kazi zinaendelea.

Nguvu ya nadharia ya michezo ya ushirikiano, tawi la hisabati ambalo njia hii inatokana nalo, iko hapo: inampa kila mmoja sababu ya kubaki. Mwenye mashine nyingi akiona anapunjwa atazichomoa, na wote watakwama.

Wanaoipinga nao wana hoja nzito. Washirika 20 tu wanaunda miungano, yaani makundi yanayowezekana kati yao, zaidi ya milioni 1 ya kupigiwa hesabu. Mtandao unaochakata data za CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, una vituo takriban 170. Miungano yake ni namba ya tarakimu 52. Mwaka 2013 Piotr Skowron na Krzysztof Rzadca wa Chuo Kikuu cha Warsaw walionyesha kuwa hata kukadiria mgao huo ni kugumu, ila pale kazi zote zinapokuwa ndogo na za urefu sawa. Hapo inatosha kupima mifuatano michache iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Tena kuna udanganyifu: anayedai mashine 8 wakati 4 zingemtosha anavuruga mgao wa wote.

Kwa maoni yangu, Shapley atumike kuweka viwango vya mgao, tuseme kila robo mwaka, kwa kumbukumbu halisi za matumizi badala ya madai ya wenye kazi. Foleni ya kila siku ibaki nyepesi, ifuate viwango hivyo. Akija mshirika mpya hesabu irudiwe, na kila taasisi ioneshwe namba zilizotumika.