Mlango Ukifunga Vizuri ni Mungu, Ukikwama ni Fundi

Jamani, sisi maseremala wa Tabora tuliolelewa na makatekista tuna taabu yetu. Tukisifiwa tunatazama chini kama tumekamatwa na kuku wa jirani.

Chukua mlango wa mninga, futi 7 kwa 3. Mbao zikae kivulini kwanza, zimepangwa na vijiti katikati hewa ipite. Ukiuwahi mninga ungali mbichi, kiangazi unanywea, maungio yanaachia, mlango unapinda. Ulimi uliochongwa mwishoni mwa ubao uingie kwenye tundu la ubao mwenzake kwa nyundo ya mbao, usitegemee gundi ikufichie aibu. Msasa namba 80, halafu 120, halafu 220, na ufuate nyuzi za mbao! Ukizikata, mikwaruzo inajificha, inangoja vanishi ndipo ijitokeze mbele ya mwenye nyumba. Bawaba 3, maana mninga ni mzito. Ukingoni, kati ya mlango na fremu, acha nafasi ya milimita 2 au 3. Mvua za Novemba zikishika, mbao inavimba.

Basi mama mwenye nyumba anaufunga, unaitika "tii".

"Fundi, umeua!"

"Aa mama, kawaida tu. Ni Mungu tu."

Na mama naye hajalala: "Kama ni kawaida, hiyo 30,000 iliyobaki si tuiache?"

Mlango huohuo ukikwama Januari, nani anapigiwa simu? Sijaona mtu akienda parokiani kudai Mungu alete randa.

Tatizo tulifundishwa nusu. Kiburi ni kibaya, sawa. Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, hata hakukihesabu pamoja na vilema vikuu saba, yaani tabia mbaya zinazozaa dhambi. Alikiweka peke yake, mzizi wa vyote. Tumekubali. Lakini yule Farisayo wa mfano wa Yesu, aliyesali hekaluni, shida haikuwa kufunga mara mbili kwa juma wala kutoa zaka. Shida ni lile jicho la pembeni kwa mtoza ushuru: afadhali mimi. Sasa bawaba 3 zimemdharau nani?

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, anasema mwenye kiburi anautaka ukubwa uliozidi kipimo chake. Kipimo! Si kazi yetu hiyo? Mlango wa futi 7 ukiuita wa 8, hicho ndicho kiburi. Ukiuita wa 6 umedanganya vilevile, ila huo uongo wa pili tunaupigia makofi na kuuita unyenyekevu. Halafu wapo wanaoushindania: "Mimi si lolote, mwenzangu ndiye fundi." "Hapana, wewe!" Mteja anachoka, ananunua mlango wa bati.

Jibu linalotosha ni hili: "Asante mama. Mbao zilikauka vizuri. Iliyobaki ni 30,000." Kisha unyamaze. Mdomo ukikuwasha kusema ni Mungu tu, sema, lakini pesa ziwe zimeshaingia.